Mtoto Aliyeamkia Chimala

Jioni moja ya matanga ya Baba mdogo, tumekaa uani kwake Uyole tunachambua maharage ya kesho, mwanawe Lusajo alianza kuwachekesha watu kwa visa vya marehemu. Lusajo sasa ni mtu mzima, ana kitambi na watoto wake mwenyewe, na sauti yake ni ya baba yake mtupu. "Mzee alikuwa na kitu kimoja kilitushinda wote," alisema. "Dirisha! Twende Iringa, tufike Makambako mwezi wa saba, ule upepo wa kukata masikio, yeye kioo chake hafungi mpaka juu. Anaacha upenyo, kidole kinapita. Tukilalamika baridi anasema, 'Vaeni masweta.' Mpaka amekufa sijajua kwa nini." Watu wakacheka, jirani mmoja akasema Wanyakyusa ni wabishi tangu kuumbwa kwao, na mimi nikacheka nao. Kisha nikamtupia jicho Mama mdogo, mjane wake, aliyekaa nami kwenye mkeka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anachambua upya maharage tuliyokwisha kuyachambua. Akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Yusta, siku moja umweleze. Mimi nikimweleza nitakuwa namlaumu baba yake upya, na nimechoka kumlaumu."

Basi namweleza. Kwa kuwa kwenye habari kama hii ulimi wangu ni mzito kuliko mkono, namweleza kwa kuandika, na wengine mtasoma mkipenda. Ni habari za mwaka mmoja tu, ule niliomaliza kidato cha nne nikawa nimekaa sina la kufanya, Mama mdogo akanichukua kutoka Iringa nije Uyole nimsaidie kulea mtoto. Mtoto ndiye huyu Lusajo. Nilikuja na begi moja, vitabu vya shule nilivyodhani nitavisoma, na maoni mengi kuhusu kila kitu, ambayo nilijua kuyameza. Ukikaa kwa watu unakula kilichopikwa, unacheka kinachochekwa, na gari la mwenye nyumba hulitolei maoni.

Nyumba yao ilikuwa ndogo na ya baridi. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa kingine, na katikati, kuanzia mwezi wa tano, jiko la mkaa. Tulikula tumelizunguka: viazi vya kuchemsha, maharage, ndizi Baba mdogo alizoagiza kwao, chai ya maziwa iliyowekwa tangawizi mpaka inachoma koo. Wakati wa kulala ukifika, Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyelibeba lile jiko kulitoa nje. Hakumwachia mtu kazi hiyo. "Hili linaua kimya kimya," alikuwa akisema huku ameshika vishikio kwa matambara. "Unalala, huamki, na wala hujasikia kitu." Kila mtu wa Mbeya analijua hilo, na kila kipupwe kuna familia inayozikwa kwa kulisahau. Naliandika mapema ili msije mkasema yule mzee alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alilijua jiko vizuri, ila hakujua kwamba alikuwa na jiko la pili.

Hilo la pili lilikuwa gari. Lilikuwa steshenwagoni kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoungua, ambalo yeye alilipenda kuliko ofisi yake, kuliko kwaya, na siku nyingine, Mama mdogo alikuwa akisema, kuliko mkewe. Hakuna fundi aliyeligusa. Jumamosi alivaa ovaroli lililochanika magoti, akalala chini yake, tukawa tunaongea na miguu. Fahari yake kubwa ilikuwa kukata gasketi mwenyewe. Gasketi ni kile kipande chembamba kinachokaa kati ya chuma na chuma ili maji, mafuta au moshi visipenye. Ndugu yake mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi huko Mgololo, na kila akija likizo alimletea karatasi ngumu za kahawia, zile nzito za kufungia marobota. Baba mdogo aliitandika karatasi juu ya mdomo wa chuma, akawa anaigonga taratibu kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo, mpaka ukingo wenyewe wa chuma ukaikata. Hakutumia mkasi. Akimaliza aliinua juu tuone matundu yote yamekaa sawasawa, akaipaka grisi na kuifunga. Ya pampu ya maji alikata hivyo, ya kabureta hivyo, ya mfuniko wa gia hivyo, na zote zilidumu. Karatasi ile ilikuwa nzuri kweli. Majirani walikuja kuomba wakatiwe na wao, naye alikata kwa raha, bila kuchukua kitu.

Mwanzoni mwa mwaka ule, kabla sijafika, alikuwa amefungua manifodi, kile chuma chenye matawi kinachopokea moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosti. Gasketi yake ilichanika. Akaenda madukani Mwanjelwa, hawana. Basi akafanya alichokijua: akakata ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaifunga. "Ya muda tu," alimwambia Mama mdogo. Mnajua ya muda zinavyokuwa. Gari likawaka, likatembea, na safari za Iringa zikaendelea, maana bibi yangu, mama yake Mama mdogo, alikuwa mgonjwa kule Kihesa, na kila mwisho wa mwezi tulimpelekea viazi, maziwa na mjukuu. Asubuhi injini ikiwa baridi gari lilitoa mlio mkavu, tu-tu-tu-tu, ukipungua kadiri lilivyopata moto. Baba mdogo alisema ni kikohozi cha uzee. Sisi tukauzoea kama tulivyozoea jogoo wa jirani.

Sasa nifike kwa mtoto. Lusajo nyumbani alikuwa halali. Alilia mchana, akalia jioni, tumbo, meno, sijui nini, mgongo wangu ulikuwa hauna nafasi. Ila ukimwingiza garini, vioo vikafungwa, injini ikawaka, haujapita muda amelala fofofo, mashavu mekundu kama amepakwa rangi. Tulifurahi vibaya mno. "Hili gari ni yaya kuliko wewe, Yusta," Mama mdogo alinitania. Kuna jioni alipolia mpaka sote tukachanganyikiwa, Baba mdogo akasema, "Mleteni garini," tukakaa humo uani, injini inanguruma, vioo juu kwa sababu ya baridi, Mama mdogo akimpiga mgongoni taratibu huku akiimba. Nakumbuka raha ya jioni zile. Nakumbuka pia kwamba tukitoka humo Mama mdogo alitafuta dawa ya kichwa, nami nilijilaza bila hamu ya kula. Tulisema ni uchovu wa mtoto.

Kwenye safari za Iringa alikuwa na mtindo wake, nao tuliusimulia kwa wageni kama kichekesho. Analala tukitoka Uyole. Tukiteremka Inyala, tukaingia bondeni kwenye joto, anaamka Chimala. Kila safari Chimala. Mama mdogo alisema ni harufu ya mchele wa mashamba ya kule, mtoto wa Kihehe huyu hata kama baba yake anabisha. Kisha tukianza kupanda kuelekea Makambako analala tena, mpaka Iringa. Hakuna aliyejiuliza zaidi. Sote tulikuwa tumeona kwamba Chimala kuna joto. Hatukuona kwamba Chimala ndiko tulikofungua vioo.

Mwezi wa saba tulifika Kihesa na Lusajo hakuamka. Mama mdogo alimshusha huku anacheka, "Jamani mwenzenu bado yuko safarini," akamfunua shuka mbele ya bibi. Mkono wa mtoto ukaanguka pembeni. Akamtikisa. Akamwita. Akamwita tena kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwake, hata wiki hii ya msiba. Bibi, aliyekuwa hawezi kusimama, alisimama. Mimi nilimnyakua nikakimbia naye uani bila kujua nakimbilia wapi, na ilikuwa ni ile baridi ya Iringa iliyompiga usoni ndipo akakohoa, akatapika juu ya sweta langu, akafungua macho. Hospitali walimpima malaria, hakuna. Daktari alikuwa kijana mpole, alimtazama macho na kucha, akauliza, "Mlilala na jiko la mkaa ndani?" Baba mdogo karibu akasirike. "Daktari, mimi jiko natoa nje kwa mikono yangu. Halafu tulikuwa safarini, siyo nyumbani." Daktari akatuambia mtoto alale pale aangaliwe. Kesho yake alikuwa mzima, anacheka, anavuta miwani ya watu.

Tukaanza safari ya kurudi Uyole. Sweta langu bado lilinuka matapishi, hivyo tulitoka Iringa vioo vikiwa wazi, tumejifunika mablanketi, meno yanagongana. Lusajo alikuwa macho Ifunda. Alikuwa macho Mafinga, anacheza na vifungo vya blauzi yangu. Makambako tukashindwa, Mama mdogo akasema tutakufa na baridi, vioo vikafungwa. Akalala. Tulipofika Chimala vikafunguliwa, naye akaamka. Neno likanipanda kooni. Nilijua mahali pangu katika lile gari, na nilijua Baba mdogo anavyolipenda, ila neno lilikuwa limeshafika.

"Mama mdogo, umeona? Kioo kikifungwa analala. Kikifunguliwa anaamka."

"Si joto. Chimala huwa anaamka."

"Leo alikuwa macho Mafinga. Mafinga kuna joto gani?"

Baba mdogo alinitazama kwenye kioo cha juu. "We Yusta, ufundi umeanza lini?"

"Sijaanza, Baba. Ila yule daktari aliuliza jiko."

Lori likatupita, gari likayumba kidogo. Kisha Mama mdogo akasema, "Simamisha gari."

"Hapa?"

"Baba Lusajo, simamisha gari."

Akasimamisha. Mama mdogo akashuka na mtoto, akasimama mbali kabisa kwenye majani. Baba mdogo alifungua boneti, akainama, akakaa vile muda mrefu, kisha akaifunga bila kusema alichoona. Tulimaliza safari vioo vyote wazi, hata kwenye mlima, na mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwangu ndani ya blanketi, kichwa kimetoka nje kidogo, anashangaa malori.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, Baba mdogo alitupanga. Mama mdogo alishika tambara bichi nyuma, aliweke kwenye mdomo wa ekzosti gari likiwaka, moshi ukose pa kutokea utafute upenyo mwingine. Mimi alinipa bakuli la maji ya sabuni na brashi, nipake pale manifodi inapokutana na injini kabla chuma hakijapata moto. Akawasha. Tu-tu-tu-tu. Mama mdogo akabana tambara. Sabuni niliyopaka ikafura mbele ya macho yangu, mapovu makubwa, yakipasuka na kufura tena, kwenye tundu la kwanza, la pili, yote. Chuma chenyewe pembeni kilikuwa na michirizi myeusi ya masizi iliyoelekea ukuta wa mbele, pale nyaya zinapopenya kuingia ndani ya gari. Hakuhitaji kuambiwa. Alizima, akavaa ovaroli, akaanza kufungua nati alizokwisha kuzimwagia mafuta ya taa tangu jana. Moja ilikatika na msumari wake, ile bolti iliyozama kwenye injini. Manifodi ilipotoka, gasketi haikuwepo. Kulikuwa na majivu. Kipande kimoja kidogo tu kilikuwa kimebakia kwenye kona, bado kahawia, na ukingo wake ulikuwa umekatwa vizuri kwa nyundo.

Alikiweka kwenye kiganja. "Ni mimi," alisema.

Mama mdogo alikuwa bado na tambara mkononi, limejaa masizi. "Nilikuwa nalishukuru hili gari kwenye sala," alisema. "Unanisikia? Kwenye sala."

Akaingia ndani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alihamia chumbani kwangu na mtoto, na kwa siku nyingi alizungumza na mumewe kupitia kwangu, sisi watatu tukiwa meza moja. "Yusta, mwambie mwenye gari chai inapoa." "Yusta, mwulize mama yako mtoto ameamkaje." Na mtoto alilia usiku na mchana kama kawaida yake. Baba mdogo alikuwa akisimama nyuma ya mlango wetu akisikiliza, kisha anaondoka. Kuna jioni Mama mdogo alisema, akijua yuko pale, kwamba mtoto huyu hataingia tena kwenye lile gari, na kwamba yeye mwenyewe akienda kwa mama yake ataenda kwa basi, na hajui kama atarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimewekwa rehani. Mtoto alikuwa amepona. Nyumba ndiyo ilikuwa haijapona.

Baba mdogo hakujitetea. Kila alipotoka kazini alikwenda Mwanjelwa, duka kwa duka, na jioni moja aliingia akaweka mezani gasketi halisi, ya bati lililobana nyuzi ngumu katikati. Mama mdogo aliishika, akaigeuza. Kwa mara ya kwanza akamwambia yeye mwenyewe, "Hii ndiyo gari lilizaliwa nayo?"

"Inafanana nayo."

"Na ile ya kwako ilikuwa nini?"

"Ilikuwa ubishi wangu."

Msumari uliokatika alimwita fundi wa barabarani aje kuutoa, mtu mwingine akatia mkono kwenye lile gari na yeye amesimama pembeni anashika taa. Alikwangua chuma kwa wembe na brashi ya waya mpaka kikang'aa. Akaniomba rula yangu ya shule, akailaza juu ya manifodi kuona kama haijapinda. Alipoanza kukaza, akianzia katikati kwenda pembeni, kidogo huku na kidogo kule ili ilale sawa, Mama mdogo alitoka jikoni akifuta mikono. "Nipe hiyo spana," alisema. Baba mdogo akampa, akamwonyesha. Alikaza nati zote mwenyewe, ulimi nje, gauni limeshika grisi, na mumewe akimwambia, "Polepole, mama, usiivunje." Waliwasha injini ikapata moto, wakaiacha ikapoa, akazikaza nati tena. Nikapaka sabuni. Nilitazama mpaka macho yakauma. Haikufura hata povu moja, na ule mlio wa asubuhi haukuwepo tena.

Hata hivyo Baba mdogo alienda kwanza peke yake, mpaka Chimala na kurudi, vioo vyote juu, amejifungia humo kama mtu aliyejihukumu. Aliporudi Mama mdogo alimsubiri barazani. "Kichwa?" "Hakiumi." "Tutaona," akasema, na usiku ule akarudi chumbani kwake. Ile ya kuacha upenyo wa kidole, Lusajo, ilianza baada ya hapo, na hakuiacha maisha yake yote. Wewe na wadogo zako mlidhani mnateseka na ubishi wa mzee. Nami, ambaye mwaka ule niliingia katika nyumba ile nikiwa najua kumeza maneno, nilitoka nikiwa nimejifunza kuyasema hata garini mwa mtu. Wanangu watawaambia nimezidisha.

Mwezi wa nane bibi alizidiwa, akaomba kumwona mjukuu. Tukaondoka asubuhi sote. Bondeni vioo vilikuwa wazi, Chimala ikapita, tukaanza kupanda, na tulipokaribia Makambako upepo ukaanza kupiga ubavu wa gari. Baba mdogo alikuwa hataki kufunga kioo. Mama mdogo ndiye aliyesema, "Funga."

"Vyote?"

"Vyote. Nataka kujua hapa, na mimi nikiwa namwangalia."

Vikafungwa. Ndani kukawa kimya, injini tu. Wote tulimtazama mtoto, na baba yake alimtazama kwenye kioo cha juu kuliko alivyotazama barabara. Lusajo alikaa mapajani mwa mama yake akinyonya kidole. Akapikicha macho. Akapiga mwayo, na mkono wa Mama mdogo ukaenda kwenye kishikio cha kioo. Ndipo akavuta pumzi, akaukunja uso wote, akaanza kulia. Alilia kwa nguvu zake zote, miguu inapiga kiti cha baba yake. Tukaipita Nyororo analia. Mafinga analia, sauti imeanza kukauka, na Baba mdogo anaendesha huku machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Nilinyoosha mikono nimpokee nimbembeleze, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, lakini Mama mdogo aliusukuma mkono wangu.

"Mwache," alisema. Akamgeuza wakatazamana. "Lia, baba. Lia tu."

Akalia mpaka Iringa.